Mzigo wa Tatu: Hesabu ya Mafuta Katika Ndege ya Kunyunyizia Dawa

Ndege ya kunyunyizia dawa aina ya AT-502B, inayotengenezwa na kampuni ya Air Tractor mjini Olney, Texas, ina matangi yenye ujazo wa kuvutia: galoni 500 za dawa na galoni 170 za mafuta. Kwa lita ni 1,893 na 644. Tatizo ni kwamba ujazo huo wote hauwezi kupaa pamoja. Ndege ikiwa tupu, na vifaa vyake vya kunyunyizia vikiwa vimefungwa, ina uzito wa takriban kilo 2,062. Uzito wa juu kabisa wa kuruka nao ni kilo 4,264. Nafasi inayobaki ni kilo 2,202. Toa rubani wa kilo 90. Toa tangi lililojaa mchanganyiko wa dawa, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, hivyo lita moja ni kilo moja. Unabaki na kilo 219 za mafuta. Lita ya mafuta ya ndege ya turbini ina gramu 800 hivi, kwa hiyo kilo hizo ni lita 274.

Hiyo ni asilimia 43 ya tangi. Rubani anayeondoka na dawa iliyojaa anaanza kazi mshale wa mafuta ukiwa tayari chini ya nusu, na kutoka hapo unazidi kushuka. Si uzembe wake. Ndivyo kazi yenyewe ilivyopangwa. Kwa dereva wa lori, mshale ukilala chini ni onyo. Kwa rubani wa shambani ndiyo hali ya kila siku, na onyo linaloonekana kila siku halimshtui tena mtu. Naamini ajali nyingi za mafuta katika kazi hii zinaanzia hapo, muda mrefu kabla injini haijakohoa.

Tuipeleke hesabu shambani. Tuseme shamba lina hekta 1,000, urefu wa mistari ni mita 1,600, ndege inafunika upana wa mita 20 kila inapopita, na dawa ni lita 30 kwa hekta. Mwendo wa kazi ni mita 62 kwa sekunde, yaani kilomita 223 kwa saa. Mzigo mmoja unatosha hekta 63. Kila mstari ni hekta 3.2, kwa hiyo mzigo unaisha baada ya mistari 20 hivi. Mstari unachukua sekunde 26. Kugeuka na kurudi kwenye mstari unaofuata kunachukua kama sekunde 32. Ukijumlisha na kwenda na kurudi uwanjani, mzigo mmoja ni dakika 20. Shamba zima ni mizigo 16.

Angalia muda unakoenda. Kwa siku nzima ndege inanyunyizia kwa saa 2 na dakika 19, na inageuka kwa saa 2 na dakika 50. Tarehe 3 Agosti 1921, Luteni John Macready aliporuka na Curtiss JN-6 juu ya miti ya katalpa karibu na mji wa Troy, Ohio, akimwaga unga wa sumu dhidi ya viwavi, muda wote aliokuwa juu ya miti ulikuwa sekunde 54. Kazi ya leo ni zaidi ya mara 150 ya hiyo kwa siku moja, na kila mstari unafuatwa na kona kali karibu na ardhi.

Injini ya ndege hii ni turbini ya PT6A-34AG yenye nguvu za farasi 750. Kwa kazi ya namna hii nachukua matumizi ya lita 200 kwa saa. Rubani mwenye kumbukumbu zake aweke namba yake mwenyewe. Mzigo mmoja basi unakula lita 67. Siku nzima ni lita 1,070 hivi, au kwa maneno mepesi, lita moja ya mafuta kwa kila hekta.

Sasa fuata lita 274 zinavyopungua. Baada ya mzigo wa kwanza zinabaki 207. Baada ya wa pili, 140, ambazo ni dakika 42 za kuruka. Baada ya wa tatu, 73, ambazo ni dakika 22. Baada ya wa nne, lita 6. Hakuna rubani mwenye akili timamu anayepanga mzigo wa nne. Mtihani uko kwenye wa tatu.

Sheria ya jumla ya Marekani kwa anayeruka mchana kwa kutumia macho inataka mafuta ya kufika aendako na dakika 30 za ziada. Usiku ni dakika 45. Mzigo wa pili unapita mtihani huo kwa dakika 12. Wa tatu unaanguka kwa dakika 8. Na dakika 8 zinaonekana ndogo sana kwa mtu aliye kilomita mbili tu kutoka uwanjani, anayeuona uwanja wake kila anapogeuka. Anajiambia kwamba akiba ni ya watu wanaosafiri mbali.

Akiba hiyo haihusu umbali peke yake. Lita 73 zimegawanyika katika mabawa mawili, lita 36 na ushei kila upande, ndani ya matangi yanayobeba lita 322 kila moja. Chukua sakafu ya tangi kuwa mita ya mraba 1.5: mafuta yana kina cha sentimita 2.4. Kona ikipigwa vizuri, mguu na mkono vikienda pamoja, mafuta hutulia chini ya tangi. Ikipigwa vibaya, ndege ikateleza kiupande, yanakimbilia pembeni na mdomo wa bomba unavuta hewa. Tena huo ni mgawanyo wa sawasawa. Ndege ikiegeshwa penye mwinamo wakati wa kupakia, au ikirushwa bawa moja likiwa zito siku nzima, mafuta huhamia upande mmoja. Jumla inabaki 73, lakini huenda 60 ziko kushoto na 13 kulia. Ukibaki na mzigo mzima wa kona 20, uwezekano kwamba zote zitapigwa kwa usahihi ni mdogo, hasa kwa mtu aliyekwisha piga kona 280 tangu asubuhi.

Ndiyo maana wachunguzi wa ajali hutenganisha mafuta kwisha kabisa na mafuta kuwepo lakini yasifike kwenye injini. Bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilitoa tahadhari mwaka 2017 baada ya kupitia miaka ya 2011 hadi 2015. Katika ndege zisizo za mashirika ya abiria, ajali za usimamizi wa mafuta zilikuwa zaidi ya 50 kwa mwaka kwa wastani. Asilimia 56 zilikuwa za mafuta kwisha. Asilimia 35 mafuta yalikuwemo lakini hayakufika. Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba asilimia 95 zilitokana na binadamu, katika kupanga safari, kutumia vifaa au kuijua ndege, na vifaa vyenyewe vilichangia asilimia 5 tu. Tena karibu nusu ya marubani hao walikuwa na leseni ya biashara au ya juu zaidi. Hawa si wanafunzi. Ni watu wanaokula kwa kazi hii.

Injini ikizimika, muda uliopo unaweza kuhesabiwa kwa fizikia ya kidato cha nne. Ndege iko mita 3 juu ya mimea, mita 62 kwa sekunde. Rubani anavuta usukani ili abadilishe mwendo kuwa kimo. Hawezi kushuka chini sana ya mita 45 kwa sekunde, maana ndege iliyojaa hudondoka kwenye mita 40 hivi. Kwenye karatasi, tofauti hiyo ya mwendo inanunua mita 93 za kimo. Hewa inakula sehemu yake. Tuseme zinabaki 70. Ikiteleza kwa mita 7 mbele kwa kila mita 1 ya kushuka, inapata sekunde 11 na karibu mita 500. Ongeza sekunde tano za kupanda. Rubani ana sekunde 16 za kuamua, kuchagua mahali, na kutua, ndani ya nusu kilomita yenye nyaya za umeme, miti ya mpakani na mifereji.

Hesabu hiyo ni ya bahati nzuri, yaani injini imezimika kwenye mstari ulionyooka ndege ikiwa na mwendo wote. Ikizimika kwenye kona, mwendo umeshapungua na hakuna cha kubadilisha. Ndege iliyolala digrii 45 inahitaji mwendo mkubwa zaidi kwa asilimia 19 ili bawa liendelee kuibeba. Na tumeshaona kwamba kona ndiyo inayotikisa mafuta. Kwa hiyo mahali injini inapoelekea zaidi kukosa mafuta ni pale pale rubani anapokuwa na nafasi ndogo kabisa ya kujiokoa.

Kuiwasha tena kunahitaji muda ambao haupo. Injini ya pistoni iliyohamishiwa tangi jingine huchukua sekunde kadhaa kushika. Turbini iliyozimika lazima ipitie utaratibu mzima wa kuwashwa. Silaha moja inayofanya kazi ndani ya sekunde hizo 16 ni mlango wa dharura chini ya tangi la dawa. Sheria ya Marekani, kwa kazi juu ya makazi ya watu, inataka ndege iweze kumwaga angalau nusu ya mzigo kwa sekunde 45. Milango ya ndege za kisasa humwaga wote kwa sekunde chache. Tazama faida yake: ukimwaga kilo 1,893 kutoka kwenye kilo 4,264, mwendo wa chini wa kubebwa na bawa unashuka kwa asilimia 25, kutoka mita 40 hadi 30 kwa sekunde. Uzito umepungua na mwendo umepungua, hivyo nishati ya kugonga ardhi nayo inabaki asilimia 31. Ni tofauti ya kutoka ndani ya ndege kwa miguu yako na kutolewa na wengine. Lakini mafuta yanapoisha mwishoni mwa mzigo wa tatu, tangi la dawa nalo limekaribia kuwa tupu, na silaha hiyo imeshatumika bila kupangwa.

Kwa nini basi mtu auruke mzigo wa tatu? Kwa sababu analipwa kwa hekta. Kwa sababu upepo utaamka na kazi itasimama. Kwa sababu dawa imeshachanganywa, vijana wa pampu wamesimama na bomba mkononi, na kipande kilichobaki kinaonekana kidogo. Nadhani hoja hizi zinastahili kupimwa kwa pesa, maana zenyewe ni za pesa.

Kupakia mzigo kunachukua dakika 5. Mizigo 16 ya dakika 25 kila mmoja ni dakika 400. Anayejaza mafuta kila baada ya mizigo miwili atasimama mara 7 kabla ya kumaliza siku. Anayejaza kila baada ya mitatu atasimama mara 5. Tofauti ni vituo viwili. Kila kituo kikimgharimu dakika 3 za ziada, amepoteza dakika 6, yaani asilimia 1.5 ya siku. Akitoza dola 10 kwa hekta, siku ni dola 10,000 na hasara yake ni dola 150, hata tukimhesabia kwamba dakika hizo hazirudi kamwe. Msimu wa siku 60 ni dola 9,000.

Weka upande wa pili ndege yenye thamani ya dola 700,000. Ukigawa, unapata karibu misimu 78. Kampuni yenye ndege 5 inafikisha misimu 75 kwa miaka 15. Katika miaka hiyo yote, mzigo wa tatu ungeiingizia dola 675,000. Ndege moja tu ikipotea kwa sababu ya mzigo wa tatu, faida hiyo yote imeondoka na bado kuna deni. Hapo sijamtia rubani thamani yoyote, wala mtu aliyekuwa kando ya shamba, wala dawa iliyomwagika kwenye mfereji wa maji. Nimeihesabu biashara kwa ukatili wake wote na bado haitoki.

Bado kuna namna nyingine ya kuikopa akiba, nayo ni ya siri zaidi: kuondoka na mafuta machache tangu mwanzo. Uwanja ukiwa mfupi, jua kali, au mahali penyewe pa juu kama Arusha penye mita karibu 1,400, ndege inahitaji kuwa nyepesi ili ipae. Kitu cha kupunguza ni kimoja kati ya viwili, na mwenye shamba analipia kimoja tu. Dakika 30 za mafuta ni lita 100, kilo 80. Kuzipunguza kwenye dawa badala ya kuzipunguza kwenye mafuta ni kukosa hekta 2.7 kwa mzigo. Hizo ndizo hekta ninazomsihi kila rubani azikose.

Huku kwetu hesabu inabadilika sura. Shirika la kudhibiti nzige wa jangwani Afrika Mashariki, DLCO-EA, lililoundwa mwaka 1962, limetumia kwa miongo ndege aina ya Beaver zenye injini ya pistoni ya farasi 450. Nzige hunyunyiziwa dawa nzito isiyochanganywa na maji, lita moja au chini yake kwa hekta. Hapo dawa haiishi haraka, na kinachomrudisha rubani nyumbani ni mafuta. Wakati wa uvamizi wa 2020, mbaya zaidi nchini Kenya kwa miaka 70, makundi yalikuwa Marsabit, Samburu, Turkana, Wajir. Kutoka Nairobi hadi Marsabit ni kilomita 420 hivi kwa mstari ulionyooka. Beaver ikienda kilomita 200 kwa saa ni zaidi ya saa 2. Matangi yake matatu ya tumboni yanabeba takriban lita 360, na ikila lita 87 kwa saa ni saa 4 na dakika chache. Kwenda na kurudi peke yake ni saa 4.2. Rubani anafika kwenye nzige akiwa hana hata dakika moja ya kazi, mpaka akute mapipa ya mafuta yanamngoja. Tena matangi yale ni ya kuchaguliwa kwa mkono, la mbele, la kati, la nyuma. Anayesahau kugeuza swichi anaweza kuzimikiwa na injini huku ana tangi zima nyuma yake.

Na pipa lenyewe lina mambo yake. Pipa la lita 200 lililosimama juani hukusanya maji ya mvua juu ya mfuniko. Usiku likipoa huvuta hewa ndani, na maji hupenya pembeni ya kizibo. Ndiyo maana hulazwa ubavu, vizibo viwili vikiwa kwenye usawa mmoja, kimoja kushoto na kingine kulia, chini ya usawa wa mafuta yaliyomo. Kabla ya kutumika husimamishwa likainamishwa kidogo ili uchafu utulie upande mmoja, na mdomo wa pampu ya mkono huachwa sentimita chache juu ya sakafu. Maji ni mazito kuliko mafuta. Lita zile za chini zinazoachwa zinaonekana hasara kwa mhasibu, lakini ndizo zenye maji. Kisha ni kuchuja, kusubiri, na kutoa kidogo kutoka chini ya kila tangi la ndege kwenye chupa ya kioo ili kutazama kama kuna tone limekaa chini.

Galoni nayo ni mtego. Vitabu vya Marekani vinahesabu galoni ya lita 3.785, vitabu vya zamani vya Waingereza na Wakanada, ya lita 4.546. Galoni 170 za kwanza ni lita 644, za pili ni 773. Anayechanganya amejiongezea lita 129 zisizokuwepo, dakika 39 za kuruka katika AT-502B, zaidi ya akiba yote ya sheria. Kipima mtiririko cha kisasa hakimwokoi, kwa sababu kinatoa kutoka kwenye namba aliyoiandika yeye mwenyewe. Kijiti cha kupimia, kilichochongwa alama kwa ajili ya ndege ile ile, ndicho kinachogusa mafuta yaliyopo.

Kazi ninayoiogopa kuliko zote ni ya kunyunyizia kwelea kwelea, ndege wadogo wanaokula nafaka. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku; kwelea milioni moja ni tani 10, na kwa wakulima wa mpunga wa Mbarali au mtama wa Dodoma hiyo si takwimu, ni chakula cha mwaka. Hunyunyiziwa jioni wanaporudi kulala. Huku karibu na ikweta, kutoka jua kuzama hadi giza la kushindwa kuona ardhi ni dakika 20 na ushei. Rubani anamaliza mstari wa mwisho katika mwanga huo huo. Uwanja wake ukiwa kilomita 40, anahitaji dakika 12 kufika mahali pasipo na taa. Akikosa kutua mara ya kwanza, uwanja wenye taa ukiwa kilomita 100, ni dakika 30 nyingine. Akiba ya mchana imeisha kabla magurudumu hayajagusa chini. Safari hizi zinaanza kwa mwanga na kuishia kwa giza, kwa hiyo dakika 45 ziwe ndio mwanzo wa hesabu, na umbali wa uwanja wa pili uongezwe juu yake.

NTSB ilipochunguza kazi hii ya kilimo kwa ripoti yake maalumu ya 2014, ikianzia ajali 78 za mwaka 2013, moja ya mambo iliyoyataka ni mwongozo kuhusu uchovu. Inaeleweka. Mzigo wa 15 unahesabiwa na mtu aliyeamka saa kumi alfajiri. Kumwachia yeye peke yake uamuzi huo, huku malipo yakimsukuma upande mmoja, si haki.

Mahali pa kuuweka uamuzi huo ni kwenye mkataba, kabla ya dawa kuchanganywa: ndege haipakiwi mzigo wa tatu kabla ya kujaza mafuta, anayeshika pampu ya dawa haruhusiwi kufungua bomba mpaka kijiti kimesomwa na namba imeandikwa, na dakika za vituo analipia mwenye shamba. Kwa shamba la hekta 1,000 tulilohesabu, nyongeza hiyo ni senti 15 za dola kwa hekta.